Uzi: Gharama za kufuga paka na mbwa hapa Mombasa. Ipi ya lazima, ipi ya kuacha?

Bi Kibokoni
Assalam alaikum wanajamvi. Naomba tupige hesabu pamoja. Kuna paka wawili katika nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, mmoja jike wa miezi minne. Kuna na mbwa wa ulinzi Kisauni, kilo kama 20. Orodha ya dukani ni ndefu: chakula cha mfuko, mchanga maalumu, shampuu, vitamini, mkanda wa kupe, chanjo, dawa ya minyoo, kufunga kizazi. Ipi ukiiacha mnyama hufa au watu wa nyumbani hudhurika, na ipi ni ya kumfaidi muuzaji tu? Mwenye kujua vipimo aviweke wazi.

Tabibu wa Tudor
Wa alaikum salam Bi Kibokoni. Cha kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa paka na mbwa wote watatu. Kichaa kikishatoa dalili hakina tiba, si kwa mnyama si kwa binadamu. Sindano ya kwanza hudungwa akitimiza miezi 3, kisha kila mwaka. Kipimo ni mililita 1 chini ya ngozi, awe wa kilo 3 au wa kilo 40, kwa hivyo usikubali kutozwa zaidi kwa sababu mbwa ni mkubwa.

Kinachoiharibu ni joto. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa ikitolewa kwenye friji ya duka Kongowea, ikatiwa mfukoni, ikapanda tuktuk saa saba mchana mpaka Kisauni, huenda umelipia maji matupu na hutajua mpaka siku ya balaa. Daktari afungue kasha la barafu mbele yako. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha kibandiko cha chupa kibandikwe kwenye kadi ya chanjo, na sahihi yake iwekwe. Daktari mwenyewe awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kumuuliza nambari yake ya usajili si utovu wa adabu.

Pa kuokoa pesa ni hapa: chupa nyingi za chanjo hii ni za dozi 10, na ikishatobolewa humalizwa siku hiyo hiyo. Mara nyingi mzigo mkubwa ni ile ada ya daktari kuja nyumbani. Majirani wakusanye wanyama asubuhi moja, ada igawanywe. Na ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti kama kuna chanjo ya bure, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mwana Kisauni
Shukran Tabibu. Na zile sindano tatu za mtoto wa mbwa? Mbwa wa ulinzi hatoki getini, ya nini kutumia pesa?

Tabibu wa Tudor
Hatoki, lakini viatu vyako vinatoka. Parvo, kirusi ambacho sindano hizo hukizuia, hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na huingia na nyayo. Mtoto wa mbwa akiipata huhara damu na kutapika, na gharama ya kumlaza na kumtundikia dripu siku nne tano hupita chanjo zote za maisha yake. Huko Mji wa Kale kuna ndugu yake parvo anayewafagia watoto wa paka vivyo hivyo, kwa hivyo paka nao wana chanjo yao ya aina hiyo.

Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyonyonya kwa mama huizima chanjo, na hakuna ajuaye imekwisha wiki gani kwa mtoto yupi. Ndiyo maana huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4, na ya mwisho lazima idungwe akiwa na wiki 16 au zaidi. Wengi hukosea hapo. Hudunga mbili za mwanzo, huona mtoto mchangamfu, na ile ya wiki 16 huiacha. Ukiwa na pesa ya sindano moja tu, dunga hiyo ya wiki 16 na umfungie ndani mpaka siku hiyo.

Kisha kuna nafuu ambayo hutaambiwa dukani. Baada ya kurudia mwaka wa kwanza, mwongozo wa WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, unasema parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa) hazihitaji kudungwa tena kabla ya miaka 3. Ya kila mwaka ni kichaa, na homa ya mkojo wa panya kama umeamua kumchanja nayo.

Ukihamia nyumba iliyokufa mbwa wa parvo, osha sakafu kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30, sawa na mililita 33 kwa lita. Iache dakika 10 ikiwa majimaji. Jiki ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi, uchafu wenyewe huimaliza nguvu.

Samaki Mkavu
Tuje kwenye chakula, maana ndicho kinachokula pesa kila siku.

Paka mkubwa wa kilo 4 hutumia kama kalori 220 kwa siku. Chakula kikavu kingi kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hivyo gramu 60 zamtosha. Paka wawili ni gramu 120 kwa siku, kilo 3.6 kwa mwezi. Nyumba nyingi hujaza bakuli na kulijaza tena. Peleka kikombe dukani kwenye mizani mara moja, pima gramu 60, chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Huo mstari peke yake unaweza kupunguza bili bila kubadilisha chakula. Huyo jike wa miezi minne usimpimie hivyo, yeye bado akua: kwa uzito wake ahitaji zaidi, na chakula chake kiwe cha watoto.

Usilinganishe mifuko kwa bei ya kilo. Tuseme mfuko mmoja ni shilingi 300 kwa kilo na karatasi yake yasema mbwa wako apewe gramu 450. Mwingine ni shilingi 450 kwa kilo, apewe gramu 280. Wa kwanza ni shilingi 135 kwa siku, wa pili 126. Ule wa "rahisi" ndio ghali, na kinyesi cha kuzoa ni kingi zaidi.

Ukitaka kumpikia paka, jua kwamba paka si mtu wa wali. Lazima apate taurini, ambayo imo kwenye nyama, na zaidi kwenye moyo. Akiikosa miezi mingi moyo hudhoofika na macho hupofuka. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hivyo ukichemsha mioyo ya kuku na firigisi ukamwaga supu, umemwaga ulichonunua. Mpe na supu yake, isiyo na chumvi wala viungo.

Dagaa ni wazuri lakini si kila siku. Waloweke dakika 20, umwage maji yenye chumvi na mchanga, uwachemshe. Samaki wabichi wa aina kadhaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu huanza kupepesuka na kukunja shingo chini. Samaki wenye mafuta mengi wakiwa ndio chakula pekee huyavimbisha mafuta ya mwilini mwake, akiguswa tumbo analia. Siku mbili kwa wiki zatosha.

Bi Kibokoni
Kaka, na huyo mbwa? Jamaa hupika ugali na makombo ya pilau.

Samaki Mkavu
Ugali sawa, pilau hapana. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu, kiwe kibichi, cha kukaanga au cha unga. Kwa paka gramu 5 kwa kila kilo ya uzito zatosha kumdhuru, na paka wa kilo 4 hizo ni gramu 20, kama robo ya kitunguu. Mbwa huvumilia zaidi kidogo, lakini makombo ya pilau na biriani kila Ijumaa humjenga upungufu wa damu taratibu, na mwenye nyumba hudhani ni kupe.

Mbwa mzima wa kilo 20 ahitaji karibu kalori 1,000. Kipimo cha siku: unga wa mahindi gramu 150 kabla ya kupikwa, matumbo na mapupu yaliyochemshwa gramu 400, mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha mezani. Maini yasizidi gramu 20 kwa siku, vitamini A huzidi.

Kinachosahauliwa ni kalisi. Nyama bila mfupa ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno. Mwili wa mbwa huikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Usinunue dawa ya chupa. Maganda ya mayai yachemshe dakika 10, yaanike juani mpaka yakatike kwa kidole kwa sauti, yatwange kwenye kinu na uyachekeche. Ukisugua unga wake kati ya vidole usisikie chembe, umekuwa tayari. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa mlo huo wa siku. Kwa paka, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama.

Hesabu hii si ya mtoto wa mbwa. Mpaka mwaka mmoja mnunulie chakula cha watoto cha mfuko, kwa sababu kalisi ikipungua au ikizidi wakati wa kukua miguu hupinda na hainyooki tena. Hiyo gharama ihesabu kuwa ya lazima.

Mifupa ya kuku iliyopikwa tupa. Hupasuka kama vijiti vyenye ncha.

Mtwapa Shambani
Nyongeza kwa Samaki Mkavu kuhusu unga. Msinunue unga ulioingia unyevu eti ni wa mbwa. Kuvu wa mahindi hutoa sumu ya aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 huku Ukambani na kwingineko mashariki mwa nchi. Mbwa ni dhaifu zaidi mbele yake: huacha kula, hutapika, ufizi huwa wa manjano, kinyesi cheusi. Ini likishafika hapo dawa ni za kubahatisha. Unga wa mbwa uwe ule ule mnaokula nyinyi.

Na kwa hewa yetu ya pwani, mfuko wa kilo 15 kwa paka wawili ni hasara. Huo ni wa miezi minne, na mafuta ya chakula huchacha kabla hujafika nusu. Nunua kinachokwisha ndani ya wiki 4 hadi 6, kiache ndani ya mfuko wake, mfuko uingie kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana.

Nahodha
Sisimizi: bakuli la chakula liweke katikati ya sinia lenye maji ya kina cha kidole. Wala huna haja ya dawa ya kupuliza karibu na chakula.

Bi Kibokoni
Ahsanteni. Mchanga wa choo cha paka jee?

Nahodha
Ule wa dukani ni starehe. Vumbi la mbao la fundi seremala lafanya kazi vizuri, mradi si la mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, hizo mwulize fundi wazi. Kina cha sentimita 5, zoa kila siku, badilisha lote mara moja kwa wiki. Mchanga wa ufuoni usichote. Huwa na mayai na viluwiluwi vya minyoo kutoka kwa mbwa wa ufuoni, vile vinavyochora mistari ya kuwasha kwenye nyayo za watu.

Kuzoa kila siku si usafi wa macho tu. Vijidudu vya tokso (ugonjwa unaoweza kudhuru mimba) kwenye kinyesi cha paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Ukizoa kabla, umevikata. Mama mjamzito kazi hiyo amwachie mwingine.

Mwana Kisauni
Kupe sasa. Hao ndio wanatumaliza. Mkanda, kidonge, maji ya kuogeshea, tumenunua vyote na bado.

Mtwapa Shambani
Kaka, ni kwa sababu unamtibu mbwa na kuiacha nyumba. Kupe wa kahawia wa mbwa aishi ndani ya nyumba. Jike akishiba hushuka, hupanda ukutani, hutaga maelfu ya mayai kwenye ufa. Wale unaowaona mwilini ni wachache sana. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa inayobomoka ni mji kamili kwao. Chukua tochi usiku, tazama pembe za ukuta juu ya pale mbwa alalapo, nyuma ya fremu ya mlango, na viungo vya kibanda. Utaona vitone vya kahawia vyenye miguu, na wadogo kama mbegu za ufuta.

Fanya hivi. Ziba nyufa kwa chokaa au saruji. Matandiko ya mbwa yachome au yatie maji yanayochemka. Nyufa zilizobaki zipulize dawa ya kupe iliyoandikwa kuwa ni ya majengo, mbwa akiwa nje mpaka ikauke, urudie kila siku 14 kwa wiki 8. Ukiacha wiki ya nne kwa kuwa huoni kitu, mayai yaliyobaki huanguliwa na unaanza upya.

Kwa mbwa mwenyewe, dawa ya kuogeshea ya bei nafuu ni amitrazi ya asilimia 12.5: mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Mbwa wa kilo 20 atumia lita 5, kwa hivyo mililita 10, pima kwa sindano isiyo na ncha. Kifuniko si kipimo. Vaa glavu. Mwogeshe kwanza kwa sabuni na umsuuze, kisha mmwagie dawa mpaka ifike kwenye ngozi, katikati ya vidole na nje ya masikio, si machoni. Usimsuuze tena. Akauke kivulini. Kila wiki. Ukiongeza dawa "ili ishike", mbwa hulegea, husinzia na moyo hupungua mapigo. Maji yaliyobaki usiyaweke wiki ijayo, huharibika. Wa chini ya miezi 4 asitiwe kabisa.

Kidonge kama NexGard hudumu mwezi, Bravecto wiki 12. Bei yake yauma, lakini ukijumlisha dawa ya kuogeshea, mkanda na sabuni unazonunua vyote pamoja, tofauti si kubwa. Chagua njia moja uifuate sawasawa. Shampuu ya kupe peke yake haina maana, imesuuzwa imekwenda.

Tabibu wa Tudor
Nasisitiza kwa herufi kubwa: DAWA YA KUPE YA MBWA USIMTIE PAKA. Amitrazi na permethrini (dawa nyingine ya kupe) humuua, ini lake halina uwezo wa kuivunja permethrini kama la mbwa. Hata mbwa aliyepakwa ile ya matone atenganishwe na paka mpaka akauke. Parasetamoli nayo: kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka. Hakuna kipimo kidogo cha salama.

Kuhusu homa ya kupe: mbwa akiacha kula, ufizi ukapauka au pua ikatoka damu, lipia kipimo cha damu. Hapo ndipo watu hubana pesa pasipofaa. Erlikia, mojawapo ya homa za kupe, hutibiwa kwa doksisaiklini miligramu 10 kwa kilo kila siku kwa siku 28, na ile ya duka la dawa za watu ni dawa ile ile. Daktari akishaipima na kuiandika, mwulize kama unaweza kuinunua huko. Lakini kama ni babesia, homa nyingine ya kupe, doksisaiklini peke yake haitamponya, na dalili za hizi mbili zafanana. Zile siku 28 pia zimalizwe. Wengi huacha siku ya 10 mbwa anapoanza kula.

Paka akiandikiwa doksisaiklini, kila kidonge kifuatwe na maji mililita 6 mdomoni kwa sindano isiyo na ncha, kikikwama huchoma koo.

Bi Kibokoni
Tabibu, na huyu jike wa miezi minne? Wengine nyumbani wasema kumfunga kizazi ni kumdhulumu.

Tabibu wa Tudor
Kwa upande wa dini wanazuoni wana kauli tofauti, muulize sheikh wako. Kwa upande wa mwili, muda umefika. Paka huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba siku kama 65, na hupata joto (hutaka dume) tena akiwa bado ananyonyesha. Gharama ya upasuaji ni mara moja. Gharama ya vitoto vinne, chanjo zao na chakula chao, hurudi mara mbili tatu kwa mwaka.

Sindano ya kuzuia uzazi ambayo ni rahisi dukani usikubali. Huleta usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti, kisha unalipia upasuaji ule ule kwa dharura, juu ya mnyama mgonjwa. Mbwa jike asiyefungwa kizazi mtazame wiki 4 hadi 8 baada ya joto. Akinywa maji mengi ghafla na akitoka usaha nyuma, ni siku hiyo hiyo hospitali.

Kabla ya upasuaji, huyo mdogo asinyimwe chakula zaidi ya saa 4, mkubwa saa 8. Kola ya kuzuia kulamba mshono si lazima uinunue: mkono wa fulana ya pamba uliokatwa matundu manne ya miguu wamtosha paka kwa siku 10 hadi 14, ubadilishwe ukilowa.

Samaki Mkavu
Na minyoo mmeisahau. Watoto kila wiki 2 tangu wakiwa na wiki 2 mpaka wiki 12 (vitoto vya paka huanza wiki ya 3), kila mwezi mpaka miezi 6, kisha kila miezi 3. Pima uzito kwanza: panda mizani ukiwa umembeba, toa uzito wako. Ukiona punje kama za mchele zikitambaa chini ya mkia, hiyo ni tegu na imeletwa na viroboto. Hapo uhitaji dawa yenye prazikwanteli, na viroboto uwatibu siku ile ile, kama sivyo zitarudi.

Vitamini, dawa ya meno ya ladha, manukato, nguo: toa zote kwenye orodha. Shampuu kwa paka toa. Mbwa wa kawaida, kuoga kila wiki 4 hadi 6 kwatosha, nje ya lile josho la kupe.

Mwana Kisauni
Swali la mwisho wakuu. Huyo mbwa akimng'ata mtu kabla hatujakamilisha kadi?

Tabibu wa Tudor
Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa. Si pilipili, si mafuta ya taa, na jeraha lisishonwe kwa haraka. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, chanjo za siku ya 0, 3, 7 na 14 au kadiri daktari atakavyopanga. Mbwa msimuue. Mfungieni siku 10, apewe maji na chakula, daktari wa mifugo apewe habari. Akiwa hai na mzima siku ya 10, hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata. Akifa kabla, kichwa kinahitajika maabara, kwa hivyo msimzike kabla ya kumpigia daktari.